Upepo wa Juu ya Kimbunga

Basi la wafanyakazi lilikuwa limeshaanza kuondoka pale simu ilipotetemeka mfukoni mwa fundi wa viyoyozi.

Alikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, sanduku la zana magotini. Mbele yake watu walikuwa wanacheka na kutaniana. Kituo kizima cha hali ya hewa kilikuwa kimepewa ruhusa ya kwenda nyumbani mchana kweupe, na mtu wa ofisi akipewa ruhusa ya mchana hana tabia ya kuuliza maswali.

Akafungua ujumbe.

"Shangazi mgonjwa. Usisafiri."

Hakuwa na shangazi wa kuugua. Shangazi huyo alikuwa mkuu wake wa kazi, mama mwenye miwani mizito na sauti ya mwalimu wa hesabu, na maneno yale yalikuwa na maana moja tu: rudi ndani.

Na yeye hakuwa fundi. Katika idara ambayo haina kibao mlangoni walimwita Sindano, kwa kuwa huingia mahali akatoka bila kuacha tundu kubwa. Viyoyozi alijifunza harakaharaka kwa ajili ya kazi hii. Viwili vya kituo alikuwa ameshaviua kabisa. Lakini akiwa amejibana ndani ya mfereji wa hewa, alikuwa ameona kilichowekwa kwenye stoo ya nyuma: makreti yaliyoandikwa "vifaa vya hali ya hewa", na ndani yake makombora ya kubebwa begani, mapya, yamepakwa grisi kama watoto waliotoka kuogeshwa.

Alipiga simu, mkono umefunika mdomo.

"Sema," alinong'ona.

"Asubuhi hakuna puto la kupimia hewa lililopanda hapo," Shangazi alisema. Alikuwa kilimani, ndani ya Land Cruiser yenye mitambo ya kusikilizia. "Masafa ya puto yamekuwa kimya tangu alfajiri. Lakini makao makuu wamepokea vipimo vyake vyote, mpaka vya juu kabisa."

"Vya kupika."

"Vya kupika. Na kwa vipimo hivyo Mkurugenzi wa hali ya hewa ametangaza kwamba kimbunga kitakatika kichwa na kuishiwa nguvu kabla hakijafika nchi kavu. Bandari iko wazi. Watu wa bondeni wameambiwa walale majumbani kwao."

"Naelewa."

"Mimi nikimpigia, ataniambia vifaa havidanganyi. Nataka puto la kweli angani, Sindano. Kabla ya taarifa ya jioni. Mzee wako bado anakaa kule bondeni?"

Sindano alikata simu.

Mzee alikuwa bado kule. Mlinzi mstaafu wa reli, mtu aliyeamini vitu viwili maishani, filimbi na redio. Asubuhi mwanawe alikuwa amembembeleza mpaka akachoka. Ahame, aende kwa dada yake kule juu, hata kwa siku moja. Mzee akamjibu kwamba redio imesema kitakatika kichwa, na kwamba siku redio itakaposema hama, atahama. Kisha akamuuliza amesomea wapi hali ya hewa, yeye fundi wa mafeni.

Nyumba yake ilikuwa chini ya usawa wa barabara. Maji yakija yangeanzia kitandani.

Basi lilipunguza mwendo kwenye tuta la getini.

Mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa. Kiti kilibaki na sanduku la zana peke yake.

*

Upepo ulikuwa wa kusitasita. Unapiga, unapumua, unapiga tena. Mawingu membamba ya juu yalikuwa yametandazwa kutoka baharini kama mashuka ya hospitali.

Sindano alipita nyuma ya mapipa. Simu yake ilikuwa imekufa mawasiliano; mtu alikuwa amewasha mtambo wa kuziba simu ndani ya uzio. Mkononi alikuwa na Beretta.

Banda la gesi lilikuwa mwisho wa uwanja, limepakana ukuta kwa ukuta na ile stoo. Mlango wake ulikuwa wa mbawa mbili, ndefu kama za gereji ya malori, maana puto likishajazwa hupitia hapo au kwenye paa la kufunguka. Komeo lilikuwa limesukumwa kwa nje.

Pembeni ya mlango, kwenye kibaraza, kulikuwa na boksi la mbao lenye kifuniko.

Kila mtu wa kituo alilijua boksi lile. Ndani ya banda kuna haidrojeni, na haidrojeni haitaki utani. Cheche moja inatosha. Basi kabla ya kuingia unaacha humo simu, saa, kiberiti, mkanda wenye kifungo cha chuma. Unashika nondo ya shaba iliyochomekwa ardhini ili umeme wa nguo ukutoke. Unaingia na nguo za pamba. Waliofanya kazi hiyo muda mrefu walikuwa wakifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayevua viatu mlangoni kwake.

Ndani ya boksi kulikuwa na simu moja, yenye picha ya watoto wawili wanaofanana.

Mama Pacha. Mtabiri wa zamu.

Alilivuta komeo, akafungua ubawa mmoja.

Mwanamke mfupi mwenye koti jeupe la pamba alikuwa amekaa juu ya mtungi wa gesi, mikono imekunjwa, kama abiria aliyechoka kusubiri. Alimtazama Sindano. Akaitazama Beretta.

"Fundi," alisema polepole. "Kumbe wewe si fundi."

"Twende."

"Hicho kitu kisivuke mlango. Nimefungua mtungi mdogo, nilikuwa naanza kujaza puto. Ukiingia nacho hapa, wanangu watazika koti tu."

"Mama Pacha, hatuna muda."

"Boksi, kaka. Pamoja na simu. Na saa."

Alisitasita. Halafu akaweka vyote ndani ya boksi: Beretta, Nokia, Seiko. Akashika nondo ya shaba. Akaingia amsaidie kubeba puto.

Ubawa ulijifunga nyuma yake.

Komeo likalia.

"Karibu," alisema Mama Pacha. "Na mimi wamenikamata hivyohivyo."

*

Nje, sauti nene ilicheka. Ilikuwa ya Kibonge, mmoja wa walinzi wawili walioletwa na Injinia. Kisha ikaja sauti ya Injinia mwenyewe, mgeni aliyekuwa akileta vifaa vya kupimia na kuvitengeneza, mtu wa Kiswahili safi kilichosomewa vitabuni. Alisema kwa upole kwamba hana ugomvi na yeyote. Meli yake inapakia jioni. Ikishang'oa nanga, mtu atakuja kuwafungulia.

"Na kimbunga?" Sindano aliuliza kupitia mlango.

"Kimbunga kikiwa kikali, bandari itafungwa na kila meli itafukuzwa na kukaguliwa. Kwa hiyo leo kimbunga si kikali. Ni suala la ratiba tu, fundi."

"Na watu wa bondeni?"

Hatua ziliondoka.

Sindano alizunguka banda. Kuta za zege. Matundu ya kupitishia hewa, juu, hayatoshi kichwa. Paa la kufunguka lilikuwa na mnyororo, na mnyororo ulikuwa na kufuli jipya. Alilivuta mpaka viganja vikauma. Alikuwa ameshawahi kufungiwa kwenye kontena, kwenye buti la gari, mara moja kwenye friji la samaki. Mote humo alikuwa na bastola.

Alirudi akakaa.

"Ulijuaje kwamba vipimo ni vya uongo?" aliuliza.

Mama Pacha aliinua kichwa kuelekea paa.

"Kimbunga ni mnara," alisema. "Mawingu yanapanda, yanapanda, mpaka yanagusa dari. Juu ya dari hiyo kuna hewa nyingine, stratosfia, ina upepo wake mwenyewe. Upepo huo unaizunguka dunia hapa kwenye tropiki. Unatoka mashariki mwaka mzima na zaidi, kisha unageuka, unatoka magharibi mwaka mwingine na zaidi. Na haugeuki kwa siku moja. Unashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi."

"Sasa?"

"Sasa ni wa magharibi. Miezi yote hii kila puto langu limesema magharibi. Leo asubuhi vipimo vimesema mashariki. Yaani mzee ameruka ngazi zote, akatua sebuleni." Alicheka bila furaha. "Injinia amechukua vipimo vya puto la msimu uliopita, la kile kimbunga kilichokatika kichwa, akabadilisha tarehe. Joto la chini amelirekebisha vizuri kabisa. Upepo wa juu kule ameuacha, alidhani hakuna anayeutazama."

"Na huo upepo wa juu ndio unaoamua?"

"Peke yake, hapana. Wenyewe wataalamu bado wanabishana una nguvu kiasi gani. Bahari ya moto ndiyo mama wa kimbunga. Huyu wa juu ni mjomba tu. Ila hiki cha leo kiko katikati ya mizani, mama hajamaliza kesi, na hapo ndipo mjomba anasikilizwa. Akitokea mashariki, anausukuma mnara kichwani, unapinda. Akitokea magharibi kama sasa, upepo wa juu na wa chini zinapatana, mnara unasimama wima. Nilimpigia Mkurugenzi. Akasema vifaa havidanganyi. Injinia alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia kwa adabu zote, haya, mama, tukarushe puto lingine tuhakikishe. Nikaja, nikaweka simu kwenye boksi mwenyewe."

Nje upepo ulipiga bati. Halafu ukapumua.

"Kijisanduku cha kupimia unacho?"

Aliinua kitambaa. Kilikuwa pale, cheupe, chepesi kama mkate, kimefungwa uzi na mwavuli wake mdogo. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

"Kikipanda, mkuu wangu atakisikia. Yuko kilimani," Sindano alisema. "Hahitaji ofisi ya Injinia."

"Kitapandia wapi, kaka? Paa limefungwa. Mlango umefungwa."

Sindano alikuwa anatazama kitu ukutani, karibu na paa. Kidude cha plastiki chenye waya.

"Kile nini?"

"King'ora cha gesi. Ikivuja kinalia huku na kule ofisini kwa Injinia."

"Na yeye afanye nini?"

Mama Pacha aligeuka kutazama ukuta. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa wa stoo. Makreti yale ya makombora.

"Atakuja mbio," alisema taratibu. "Na atafungua mbawa zote mbili. Sheria ya kwanza, gesi ikivuja fungua mbawa zote mbili. Yeye ndiye aliyetufundisha. Alitupigisha mazoezi mpaka tukachoka."

"Basi tumpe mazoezi."

"Kaka, tukijaza gesi humu, hata mimi kukuna kichwa ni hatari."

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Aliinuka akachukua ndoo ya maji, akamwaga nusu sakafuni. Nusu iliyobaki akammwagia Sindano kichwani, bila kuomba ruhusa.

"Nguo yenye maji haitoi cheche," alisema. "Na ulikuwa unanuka grisi."

*

Walijaza puto kwanza. Liliinuka kidogokidogo kutoka mezani, jeupe, likakua kama unga uliotiwa hamira, likavuta uzi. Mama Pacha alilishika shingo kwa mikono miwili.

Kisha Sindano alifungua mtungi mkubwa.

Gesi haina harufu. Haina rangi. Ilikuwa ni mluzi tu, na wao wawili wamelowa, wamesimama kama sanamu, wakijua kwamba hewa iliyo juu ya vichwa vyao inageuka kuwa baruti.

Sindano aliwaza juu ya mzee wake. Saa hizi angekuwa ameweka redio dirishani, antena imefungwa kwa waya wa nguo, akisubiri kuambiwa la kufanya.

King'ora kililia.

Sauti yake ilijaza banda. Walisubiri. Kwa mbali, mlango ulipigwa. Hatua. Hatua nyingi, mbio.

Sindano alifunga mtungi, akaokota nyundo ya mbao, ile inayotumika humo kwa kuwa haitoi cheche.

Komeo likalia. Ubawa wa kwanza ukafunguka. Wa pili ukafunguka.

Injinia alikuwa mlangoni, anahema, shati limemtoka. Bastola ilikuwa mkononi mwake. Aliwaona. Aliliona puto. Na macho yake yakiwa bado kwao, mkono wake ulikwenda pembeni wenyewe, ukafunua boksi, ukaweka bastola ndani, ukaweka simu. Ukashika nondo ya shaba.

Ndipo alipoona alichokifanya.

Lakini Kibonge hakuwa mtu wa maputo. Alimpita akaingia, amevaa koti la mvua la nailoni linalolia kila hatua, bastola imenyooshwa.

"Wekeni hilo jipira chini," alisema. "Nitapasua mtu."

"Usipige," Injinia alisema.

"Naanza na mwanamke."

Kidole kilikuwa kinajikunja. Injinia alimrukia mtu wake mwenyewe, akaupiga mkono wake kwa ngumi zote mbili. Bastola ilianguka kwenye maji.

Hakuna kilicholipuka.

"Utatuua sote, mjinga wewe," Injinia alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Sasa, Mama Pacha."

"Subiri."

"Sasa."

"Upepo unapiga, litapasuka ukutani. Subiri upumue."

Mlinzi wa pili, mtu mrefu kama mlingoti, alikuwa anafika kizingitini, mkono kiunoni. Mbawa za mlango zilikuwa zinatetemeka.

Zikatulia.

Mama Pacha alipita katikati ya wanaume wote wale, puto juu ya kichwa chake, kama anapeleka keki mezani. Akatoka. Akaachia.

Mrefu alichomoa bastola, akailenga juu. Nyundo ya mbao ilimpata kwenye kifundo cha mkono. Alikaa chini bila kupenda. Sindano alimkokota ndani kwa ukosi, akatoka kinyumenyume, akafunga ubawa wa kwanza, wa pili, akasukuma komeo.

Puto lilikuwa limeshavuka nguzo za taa. Kijisanduku kilining'inia chini yake kikiyumba, kisha wingu likalichukua.

Mama Pacha aliinama kwenye tundu la mlango.

"Nyie," aliwaambia. "Gesi iko juu yenu. Kaeni chini kwenye maji. Msivue makoti, msikune vichwa, wala msisukumane. Mengine muulizeni Injinia. Ni mwalimu mzuri."

Ndani palikuwa kimya. Kimya cha watu wanaopumua kwa zamu.

Sindano alifungua boksi. Saa yake. Simu yake. Beretta, na bastola ya Injinia juu yake.

*

Waling'oa mtambo wa kuziba simu ukutani, wakakaa kwenye ngazi za ofisi. Hapakuwa na la kufanya tena. Puto hupanda kwa mwendo wake, halisikii kilio cha mtu. Mvua ilianza, ya kulala ubavu.

Simu ililia.

"Nimempata mtoto," Shangazi alisema. "Anapanda vizuri."

"Mkurugenzi?"

"Yuko pembeni yangu. Nilituma vijana wakamtoe ofisini. Anatazama kioo, anajifuta jasho."

Walisubiri tena. Mama Pacha aliwapigia mapacha wake, akawaambia wale na walale, na wasimsumbue bibi. Sindano alihesabu vigae vya ngazi, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Amevuka dari," Shangazi alisema baadaye. Halafu simu ikakwaruza. "Magharibi, Sindano. Magharibi mpaka puto lilipopasuka. Mnara unasimama wima."

Nyuma yake alisikika mwanamume akiomba simu nyingine, kwa haraka.

Taarifa ya jioni ilisomwa redioni. Kimbunga kitaingia kwa nguvu kubwa. Bandari imefungwa. Watu wote wa bondeni wahame sasa, waende juu, wasisubiri.

Sindano alipiga namba aliyoijua kwa moyo. Iliita sana.

"Nini?" mzee alisema. Nyuma yake kulikuwa na zogo la mtaa mzima, watoto, mabati, mikokoteni. "Niko njiani. Redio imesema tuhame, wewe unapiga simu za nini? Nimeshika godoro."

"Sawa, baba."

"Kwanza wewe mwenyewe uko wapi?"

"Kazini. Natengeneza feni."

"Nunua redio," mzee alisema, akakata.

Magari ya jeshi yalikuwa yanaingia getini na taa zimewashwa. Sindano alivaa saa yake. Akamwomba Mama Pacha awaonyeshe wanajeshi boksi la mbao kabla hawajafungua banda, akainua ukosi wa shati lililolowa, akatoka kwa miguu.

*

Kimbunga kilipiga kabla ya asubuhi. Kiling'oa mapaa, kikavunja gati moja, na maji yalifika kwenye madirisha ya bondeni. Watu watatu walikufa: wawili walikuwa wamerudi kuchukua televisheni, mmoja aliangukiwa na ukuta kule juu alikokimbilia. Meli iliondoka bila makreti, ikakamatwa kwenye bandari nyingine kwa kosa lingine. Injinia yuko gerezani. Husomesha wenzake umeme. Kibonge alitoa ushahidi, akaachiwa, anauza makoti ya mvua. Mkono wa Mrefu haukunyooka vizuri. Mkurugenzi alihamishiwa maktaba ya wizara. Mama Pacha bado anarusha puto asubuhi na jioni. Upepo wa juu uligeuka tena mwaka uliofuata, polepole, kama kawaida yake. Mzee alipata nyumba mlimani na analalamika kwamba redio haishiki vizuri huko. Fundi wa viyoyozi hakurudi kuchukua mshahara wake, na vile viyoyozi viwili havijapona.